Risasi hafifu kwa nyati ni kisu butu

Kuna swali ambalo Mkenya wa kawaida hudhani halimhusu ndewe wala sikio: bunduki ya kumuulia mnyama mkubwa yapaswa kuwa na mtutu wa kipenyo gani? Wengi watajibu kwamba hayo ni mazungumzo ya matajiri wa ng'ambo wanaosafiri kuja kutafuta vichwa vya kupamba kuta zao. Isitoshe, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwetu mwezi wa Mei mwaka 1977, na biashara ya nyara ikafungwa mwaka uliofuata. Kwa nini basi mwalimu wa Litein au mwanafunzi wa Longisa ajisumbue kwa hesabu za risasi?

Sababu ni kwamba marufuku ile ilimwondoa mwindaji, lakini haikuiondoa risasi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilimwachia afisa aliyeidhinishwa uwezo wa kumdhibiti, na ikibidi kumuua, mnyama anayehatarisha maisha ya watu. Sisi wa nyanda za chai tunaijua hali hiyo. Upande wa mashariki tumepakana na msitu wa Mau Kusini Magharibi, na hata ule ukanda wa chai ya Nyayo ulioanzishwa mwaka 1986 ili kutenga msitu na mashamba si ukuta usiopitika. Upande wa kusini, wakazi wa Chepalungu na wa mpakani mwa Narok wanaishi jirani na nyanda ambamo ndovu na nyati hutembea watakavyo. Mnyama akivuka, akakanyaga mahindi au akamuua mtu, kilio cha umma huwa kimoja: auawe! Na hapo ndipo swali tulilodhani ni la wageni linapotujia mlangoni.

Rai yangu katika makala haya ni hii: jamii ikishakata shauri kwamba mnyama fulani hana budi kuuawa, inajitwika wajibu wa kumuua upesi, kwa chombo kinachotosha na kwa mkono uliofunzwa. Wajibu huo haupungui kwa sababu mnyama ametutia hasara. Mchinjaji hufunzwa kunoa kisu kabla ya kumlaza mnyama, wala hakuna mtu mwenye imani anayeona fahari kuchinja kwa kisu butu. Kumpiga nyati kwa risasi isiyomtosha ni kumchinja kwa kisu butu, na tofauti ni kwamba huyu hakufungwa kamba.

Neno lenyewe lina mafunzo. Kile kipenyo cha mtutu ambacho Wazungu hukiita kwa jina linalotamkika kama "kaliba" kimetoka, kwa mujibu wa wanaisimu, katika neno la Kiarabu lenye maana ya chombo cha kumiminia madini, ndilo lililotupatia sisi "kalibu". Nasi Waswahili twasema pia kwamba fulani ni mtu wa kaliba ya juu, yaani ana sifa zinazolingana na kazi aliyopewa. Basi kaliba ya bunduki ni suala lile lile la kulingana: je, chombo kinalingana na kazi?

Historia ya sehemu zetu hizi ina mfano. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani punde tu kama Rais wa Marekani, aliingia nchini kupitia Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Kitabu alichokichapisha mwaka 1910 kuhusu safari hiyo kina sura inayotaja Sotik katika kichwa chake, ingawa jina hilo zama zile lilienea juu ya nchi pana iliyofika mbali hadi nyanda za kusini. Baba na mwana waliua wanyama 512, idadi ambayo leo inatutia kichefuchefu. Hata hivyo, jambo moja katika masanduku ya Roosevelt lastahili kuzingatiwa na mwanafunzi. Hakubeba bunduki moja ya kazi zote. Alikuwa na Springfield ya jeshi yenye kipenyo cha inchi 0.30, Winchester ya 0.405, na bunduki nzito ya mitutu miwili iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London, akiikusudia kwa ndovu na faru. Ingawa alikuwa mtu wa kujigamba, alitambua kwamba bunduki ya kumwangushia swala siyo ya kumkabili ndovu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu tutabaki kwenye porojo. Bunduki aina ya G3, ambayo imezoeleka sana mabegani mwa askari wetu wa wanyamapori, ina risasi ya kipenyo cha milimita 7.62 na uzito wa takriban gramu 9.5. Hutoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 800 kwa sekunde. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kuzidisha nusu ya uzito huo kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, akapata nishati ya kama jouli 3,000. Tuchukue sasa ile iitwayo .375 ya Holland & Holland, iliyobuniwa mwaka 1912. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 9.5 na uzito wa gramu 19.4, na kasi yake ni kama mita 770 kwa sekunde. Nishati yake yafika jouli 5,700 na ushei. Ile ya .458, iliyotokea mwaka 1956, hutupa risasi ya gramu 32.4 kwa kasi ya mita 640 hivi kwa sekunde, nayo hupita jouli 6,600.

Mtu atauliza: je, jouli hizo si namba tu? La hasha. Zipo nchi zilizoziandika katika kanuni zao. Kanuni za Zimbabwe hudai kwamba anayempiga ndovu, nyati au kiboko atumie risasi yenye kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na nishati isiyopungua jouli 5,300. Kwa simba, twiga na pofu, hudai milimita 7 na jouli 4,300. Majirani zetu wa Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii haukukoma kama kwetu, wameweka .375 kuwa kima cha chini kwa wanyama hatari. Linganisha viwango hivyo na bunduki ya kivita tuliyoitaja. Haikifikii kiwango cha ndovu wala cha nyati, na hata cha simba hakifikii. Hilo si kosa la waliyoiunda. Wao waliikusudia kwa binadamu wa kilo 70. Sisi tunataka imwangushe nyati dume anayeweza kupita kilo 700, au ndovu dume ambaye huweza kufika kilo 6,000.

Nishati peke yake, hata hivyo, haitoshi kuamua. Umbo na uimara wa risasi vina uzito mkubwa vilevile. Ubongo wa ndovu umejificha nyuma kabisa ya fuvu, kwenye mstari unaounganisha tundu za masikio, na mbele yake pana mfupa mnene wenye vijumba vya hewa mithili ya sega la nyuki. Risasi inayotoka mbele haina budi kusafiri yapata nusu mita ndani ya mfupa na nyama, tena ikiwa imenyooka, ndipo ifike. Risasi ya kijeshi yenye kiini cha risasi laini na gamba jembamba huweza kupinda, kupasuka au kugeuka njiani. Risasi ngumu ya kuwindia, yenye gamba nene au iliyofinyangwa kwa madini mamoja, imeundwa ili isipinde. Kwa nyati nako, moyo umelala chini kifuani, umekingwa na mfupa wa bega. Risasi isiyouvunja mfupa huo humwachia mnyama donda na ghadhabu, na nguvu za kukimbia kilomita kadhaa.

Najua fika kwamba mjuzi wa historia ataniletea jina la Bell. Mskochi huyo, aliyepewa lakabu ya Karamojo kwa sababu ya safari zake katika Karamoja ya Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7 tu. Je, huo si ushahidi kwamba kaliba si kitu? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nayo haifai kupuuzwa. Bell aliyapasua mafuvu ya ndovu ili kujifunza mahali ubongo ulipo. Alitumia risasi ngumu, ndefu na nyembamba zilizopenya bila kupinda. Alikaribia polepole, akampiga mnyama aliyetulia, na kama pembe au mahali hapakufaa aliweza kuondoka na kurudi kesho.

Askari anayeitwa Konoin saa tano ya asubuhi hana hata moja katika hayo. Ndovu amekwisha kutimuliwa tangu alfajiri kwa mawe, kelele na mbwa. Umati umejaa barabarani, wengine wamepanda miti na kuta. Mbele ya askari huyo hakuna uwanda wa Karamoja, bali pana chai, nyumba, shule na kituo cha kununulia majani. Hawezi kuahirisha hadi kesho. Umahiri wa Bell wathibitisha kwamba mtu mmoja katika maelfu aweza kufanya kazi nzito kwa chombo chepesi. Lakini kanuni za umma hazitungwi kwa kipimo cha mtu mmoja katika maelfu. Hutungwa kwa ajili ya mtumishi wa kawaida, siku mbaya, akiwa na moyo unaomdunda.

Kuna hoja ya pili iliyo na nguvu zaidi, nayo yatoka kwa wapigaji wenyewe. Bunduki nzito humrudi mwenyewe begani kwa kishindo. Asiyeizoea hufumba macho na kuivuta upande kabla risasi haijatoka, na risasi kubwa iliyopiga tumbo ni mbaya kuliko ndogo iliyopiga moyo. Nakubali kwa moyo wote. Ndiyo maana sisemi wagawiwe bunduki nzito watu wote kama sare. Nasema kila kituo kiwe na watu wachache walioteuliwa, wakafunzwa, wakapewa risasi za kutosha kufanyia mazoezi, na wakapimwa kila mwaka. Kaliba ya bunduki na kaliba ya mpigaji ni jozi, na moja bila nyingine haifai kitu.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ililetwa na Wazungu. Waogiek wa msitu wa Mau, ambao haki yao juu ya ardhi ya mababu ilitambuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mnamo Mei 26, 2017, walikuwa wawindaji tangu zama za kale. Na tukitoka Mau tukashuka hadi nyika ya Tsavo, tunawakuta Wawaata, ambao pinde zao za kuwindia ndovu zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Sumu ya mishale katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ilipikwa kutokana na mti wa msunguti, nayo huushambulia moyo wa mnyama. Wawindaji waliifunika ncha yenye sumu kwa kipande cha ngozi laini ili isikauke ikapoteza makali. Maana yake ni nini? Ni kwamba walikuwa na kipimo chao cha kutosha na kutotosha. Mwindaji aliyetoka na sumu iliyochakaa hakuwa shujaa machoni pa wenzake. Alikuwa mtu wa kuwaletea msiba.

Msiba huo ndio ninaouhofia zaidi. Shamba la chai ni maficho yasiyo na kifani. Vichaka vyake vimefika kiunoni mwa mtu na vimeshikamana kiasi kwamba nyati aliyelala ndani yake hawezi kuonekana kwa hatua kumi. Nyati aliyejeruhiwa hujulikana kwa tabia ya kujificha na kumngoja anayemfuata. Askari wamerudi kituoni jioni wakidhani ameshafia msituni. Kesho yake saa kumi na mbili za asubuhi anayeingia katika mistari ile si askari. Ni mama mwenye kikapu mgongoni, aliyeondoka nyumbani gizani ili apate karo ya mwanawe. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini, na kila mkazi wa mpakani ajua jinsi fidia hiyo inavyochelewa. Bei ya bunduki ifaayo na mafunzo yake ni ndogo mno mbele ya mauti ya namna hiyo.

Wapo watakaoniuliza: mbona unatufundisha kuua badala ya kutufundisha kuhifadhi? Nawajibu kwamba risasi ni ya mwisho, si ya kwanza. Kwanza uje ua wa umeme, doria, kumfukuza mnyama arudi msituni, na pale inapowezekana kumlaza kwa dawa na kumhamisha. Tena bunduki ya kutosha haihalalishi mauaji ya kupindukia. Kati ya mwaka 1944 na 1946, mwindaji wa serikali ya kikoloni, J. A. Hunter, aliua takriban faru 1,000 huko Makueni ili ardhi itolewe kwa makazi. Bunduki zake zilitosha kabisa. Kilichokosekana ni busara ya waliomtuma. Kwa hiyo maswali ni mawili, na hayapaswi kuchanganywa. La kwanza ni kama mnyama huyu kweli lazima auawe. La pili ni jinsi ya kumuua. Anayelijibu la kwanza kwa "ndiyo" hana ruhusa ya kulitupa la pili.

Na tusisahau kwamba risasi hafifu siyo chombo kibaya kupita vyote katika vijiji vyetu. Mtego wa waya haujui kaliba wala shabaha. Hunasa mguu wa ndovu, shingo ya paa, au mmoja wa wale bongo wachache waliosalia katika misitu ya Mau, ukawatesa siku nzima au wiki nzima. Mkulima anayemlaani askari kwa kupiga risasi saba badala ya moja, huku ametega waya nyuma ya boma lake, anaona kibanzi jichoni mwa mwenzake.

Lifanyike nini basi? Kwanza, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lichapishe katika Gazeti Rasmi la Serikali kima cha chini cha kipenyo na nishati kwa kila aina ya mnyama mkubwa anayeweza kuuawa kwa amri halali, kama walivyofanya majirani. Kanuni isiyojulikana na umma haiwezi kudaiwa na umma. Pili, vituo vinavyohudumia mipaka ya Mau Kusini Magharibi na kusini mwa Bomet viwe na bunduki mbili nzito kila kimoja, za .375 au zaidi, pamoja na risasi ngumu na wapigaji waliohitimu. Bunduki nzito iliyofungiwa Nairobi haimsaidii mtu wa Siongiroi. Tatu, kila mnyama anapouawa, iandikwe taarifa fupi: alipigwa kwa bunduki gani, kutoka umbali gani, kwa risasi ngapi, alichukua dakika ngapi kufa, na je, alitoroka akiwa na jeraha? Taarifa hizo zikikusanywa miaka mitano, mabishano haya yote yatakwisha, kwa kuwa tutakuwa na takwimu zetu wenyewe badala ya kuazima za Zimbabwe.

Nne, na hili latuhusu sisi moja kwa moja, umati ukome. Hakuna kaliba iwezayo kumsaidia askari aliyezungukwa na wanafunzi mia mbili waliotoroka darasani kwenda kutazama ndovu. Risasi inayompita mnyama haisimami hewani. Walimu wakuu wana uwezo wa kufunga lango la shule, kuwahesabu wanafunzi, na kumpigia simu chifu na kituo cha karibu. Aidha, wana nafasi ya kuligeuza tukio kuwa somo. Mwalimu wa fizikia ana nishati na kasi. Wa biolojia ana moyo, mapafu na fuvu, na wa historia ana mwaka 1909 na mwaka 1977. Mwalimu wa dini naye awaulize vijana wake: kiumbe asiye na ulimi wa kujitetea anatudai nini saa ile tunapomwondolea uhai?

Wapo watakaosema ajali haina kinga. Kwa jambo hili ina kinga, nayo imekwisha kuandikwa na nchi nyingine kwa milimita na jouli. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee. Nawasihi walimu na wanafunzi wa Kericho na Bomet walijadili suala hili katika mabaraza yao, kisha wawaandikie wabunge na maseneta wao barua ya ukurasa mmoja yenye swali moja tu: siku nyati atakapovuka tena kuingia chaini, askari atakayekuja atakuwa na bunduki gani mkononi, na ni lini mara ya mwisho alipofanya mazoezi nayo?